Kostiki Soda kwa Mtengeneza Sabuni: Kupima, Kuyeyusha, Kuhifadhi

Kama umewahi kuhudhuria semina ya ujasiriamali ya siku moja, huenda uliondoka na karatasi ya vitu vya kununua: mafuta ya mawese au ya nazi, kostiki soda, silikati, rangi, manukato. Karatasi ilisema vikombe vingapi vya kostiki na lita ngapi za maji. Pengine haikusema ufanye nini ikikurukia jichoni, wala kwa nini sufuria yako ya ugali haifai kwa kazi hii. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, anayetengeneza sabuni ya mche au ya vipande nyumbani au kwenye kikundi, kwa ndoo na mwiko, bila mashine.

Niseme mapema ninavyoliona jambo lenyewe. Wakati wa kukoroga, watu wengi huwa waangalifu. Macho yako kwenye ndoo na kila mtu anajua kilichomo. Balaa hutokea kabla na baada ya hapo: kwenye kupima kwa kukisia, na kwenye kile kilichobaki, kikisubiri ndani ya chombo ambacho mtu mwingine anadhani kina maji. Ndiyo maana humu mizani na kifuniko vina maneno mengi kuliko mwiko.

Kwa nini inaunguza

Kostiki soda, kwa jina la kikemia sodiamu haidroksaidi, hutengenezwa viwandani kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Viwanda vya karatasi, nguo na sabuni huitumia kwa wingi. Huja kama chenga bapa nyeupe au punje za mviringo, kwenye mifuko ya kilo 25, na wauza rejareja huipima upya kwa kilo au robo kilo.

Kwanza, umeinunua kwa sababu inageuza mafuta kuwa sabuni. Basi haibagui mafuta ya nazi na mafuta ya mwili wako. Ule utelezi unaousikia vidoleni maji yake yakikugusa ni ngozi yako ikianza kugeuzwa. Tindikali nyingi zikigusa ngozi huigandisha nyama ya juu, na hapo kasi ya kuzama hupungua kidogo. Kostiki hailainishi juu tu. Huyeyusha tishu na kuendelea kwenda chini kwa muda wote itakaokuwa hapo. Tena maumivu yanaweza kuchelewa. Anayesema "hainiumi, nitanawa nikimaliza" anaipa nafasi ya kuzama.

Jicho ndilo linaloumia vibaya zaidi. Tone moja la maji makali ya kostiki linaweza kuharibu kioo cha jicho ndani ya dakika chache, na uharibifu huo huenda usirekebishike.

Pili, ikiingia kwenye maji hutoa joto lake yenyewe, bila moto. Maji ya bomba yanaweza kupanda hadi kupita nyuzi 80 za Selsiasi kwa muda mfupi. Kwa hiyo kinachokurukia kinakuunguza mara mbili, kwa ukali na kwa moto.

Tatu, inavuta unyevu hewani. Kwa wakazi wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hili ni la kila siku. Chenga moja iliyoanguka sakafuni asubuhi, baadaye utakuta tone dogo linalong'aa, na hakuna atakayejua kuwa si maji. Mtoto anayetambaa ataweka kiganja hapo.

Vyombo: achana na sufuria za alumini

Kostiki hula alumini. Ukiiweka kwenye sufuria ya kawaida ya jikoni, maji yataanza kutoa mapovu na kuchemka, chombo kitatoboka, na hewa itakayotoka ni haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Jiko la mkaa likiwa karibu, umejitafutia mlipuko. Ndoo za bati hazifai vilevile, wala makopo ya bati, wala trei za kuokea keki za alumini kama kalibu ya sabuni.

Tumia ndoo na majagi ya plastiki nene. Geuza chombo utazame chini, namba 2 au namba 5 ndani ya pembetatu ndiyo unayoitaka. Stenlesi halisi inafaa. Sufuria ya enameli inafaa ikiwa haijabanduka. Kioo ukiepuke, kwa kuwa joto la ghafla hukipasua. Chupa za maji ya kunywa na za soda zina namba 1, na plastiki hiyo hulainika kwa joto na kuliwa na kostiki taratibu. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutotia kostiki kwenye chupa ya kinywaji. Sababu ya pili utaikuta mbele.

Chombo kilichoingia kwenye kazi hii kisirudi jikoni. Kichore alama kwa rangi isiyofutika.

Unaponunua

Nunua kwa mtu aliyesajiliwa. Tanzania, biashara ya kemikali husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Kwenye mfuko tafuta mambo matatu: herufi NaOH, namba UN 1823, na alama ya pembenne yenye mpaka mwekundu, ndani yake kimiminika kinadondokea mkono na kipande cha chuma kikivila vyote viwili.

Ukipimiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na jina, umebeba kitu cheupe ambacho jikoni kinafanana na chumvi, sukari au magadi ya kulainishia maharage. Nenda dukani na kopo lako la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, ambalo tayari umeliandika KOSTIKI – SUMU. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Tazama pia hali yake. Chenga zilizogandana na kuwa jiwe zimeshavuta maji. Bado zinaunguza, lakini gramu 100 zake si gramu 100 za kostiki tena, na hesabu yako itapotea.

Mizani kwanza

Kikombe hakipimi kostiki. Chenga hujipanga ovyo. Kikombe kimoja kikisukwasukwa huingiza zaidi kuliko kile kilichojazwa polepole, na punje zina ujazo tofauti na chenga. Nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Kama fedha haitoshi kwa mizani na manukato kwa pamoja, acha manukato.

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Hiki ndicho kinachosahaulika zaidi.

*KISANDUKU: Gramu za kostiki zinazogeuza kilo 1 ya mafuta (takriban)*

- Mafuta ya nazi: 183
- Mafuta ya mise (kiini cha chikichi): 176
- Mawese: 141
- Mafuta ya ng'ombe: 141
- Alizeti: 135

*Hizi ni za juu kabisa. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki ndani ya sabuni, isibaki kostiki.*

Tuchukue mfano. Una nusu kilo ya mafuta ya nazi na nusu kilo ya mawese. Nazi inataka gramu 91.5, mawese gramu 70.5, jumla 162. Ukipunguza asilimia 5 unapata gramu 154. Maji yawe mara mbili ya kostiki, yaani gramu 308.

Sasa fikiria bei ya nazi imepanda, nawe ukaamua kutumia mawese matupu bila kugusa vipimo vingine. Kila kilo ya mafuta ya nazi uliyoibadilisha ilitaka gramu 42 zaidi za kostiki kuliko kilo ya mawese, na ile asilimia 5 uliyoipunguza haitoshi kufuta ziada hiyo. Gramu zisizo na kazi zitakaa ndani ya kipande cha sabuni mpaka zikutane na ngozi ya mteja.

Kosa jingine ni kuhesabu lita kama kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 910 hadi 920 hivi. Ukipima mafuta kwa lita na kostiki kwa hesabu ya kilo, umezidisha kwa asilimia 9 au 10, na ile asilimia 5 uliyoipunguza kwa usalama imekwisha na kupitwa. Pima kila kitu kwa uzito, hata maji.

Kuyeyusha, hatua kwa hatua

1. Chagua mahali penye hewa, nje au barazani, upepo ukitokea mgongoni kwako. Watoto wawe na mtu mzima mwingine, si "wanacheza hapo tu". Kuku na mbwa pia wafungiwe.

2. Weka maji ya dharura kabla hujafungua kopo: mpira unaotoka bombani, au ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji safi, na kata juu yake.

3. Vaa. Miwani ya kinga inayofunga pembeni, kwani ya kusomea haikingi. Glavu ndefu za mpira, si zile nyembamba za kliniki. Mikono mirefu, aproni, na viatu vilivyofunika mguu wote. Ukivaa gambuti, suruali ishuke juu yake kwa nje. Ukiichomeka ndani, kitakachokumwagikia kitateremka hadi kwenye unyayo na kutuama humo.

4. Pima maji ya kawaida, yasiyo ya moto, kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo isijae zaidi ya nusu.

5. Pima kostiki kwenye chombo kingine kikavu. Funga kopo papo hapo, kabla ya kuendelea.

6. Nyunyizia kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo, ukikoroga taratibu. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Tone la kwanza la maji likikutana na rundo la chenga huchemka ghafla na kurusha majimaji makali usoni. Zinazobaki chini hugandana kama mwamba na kulipuka baadaye ukizichokoa.

7. Usiiname juu ya ndoo. Ule mvuke wa mwanzo hukwaruza pua na koo, na mwenye pumu asiwe yeye wa kuyeyusha.

8. Funika, acha ipoe hadi nyuzi 40 hivi, huku mtu akiwa karibu.

Mafuta nayo yawe vuguvugu, nyuzi hizo hizo. Mimina maji ya kostiki kwenye mafuta kwa mkondo mwembamba, ukoroge hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji wa mgonjwa, kisha tia kwenye kalibu ya mbao au plastiki iliyotandikwa nailoni. Glavu zisivuliwe: huo "uji" bado ni kostiki. Hata siku ya pili unapokata vipande, bado. Vipange mahali penye hewa kwa wiki nne hadi sita ndipo viwe vya kuogea.

Ile ndoo ya kulowekea

Maelekezo mengi yanayozunguka huku kwetu husema loweka kostiki kwa siku kadhaa kabla ya kuchanganya na mafuta. Sioni faida yake kwa anayepima kwa mizani. Kostiki ikishayeyuka yote na kupoa, iko tayari siku hiyo hiyo. Ikikaa wazi hunyonya hewa ya kaboni dayoksaidi na kupungua nguvu, kwa hiyo vipimo vyako navyo vinaharibika. Wakati huo nyumba nzima inaishi na ndoo ya majimaji meupe, yasiyo na harufu, yanayofanana na maji ya kunywa.

Kama mwalimu wako ameshikilia kuloweka, basi iwe kwenye dumu nene lenye mfuniko wa kuzungusha, limeandikwa pande mbili, ndani ya chumba chenye kufuli. Chini ya kitanda si stoo.

Sabuni yenyewe ijaribiwe

Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi. Acha. Karatasi za kupimia pH huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Lowesha kipande, gusisha karatasi. Sabuni ya kipande iliyokomaa husoma 9 hadi 10. Ikipita 11, au ukikata ukakuta vifuko vya majimaji ndani, hiyo si ya kuoga wala ya kufulia kwa mkono. Unga mweupe juu ya kipande peke yake si ushahidi. Mara nyingi ni kostiki iliyokutana na hewa ikageuka magadi. Bechi iliyozidi kostiki inaweza kukwaruzwa na kupikwa upya pamoja na mafuta zaidi, kwa glavu na miwani. Sabuni ya watoto wachanga usiiuze kabisa mpaka bidhaa yako ipimwe na TBS, shirika la viwango la Tanzania. SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kufikia hatua hiyo.

Ajali ikitokea

*KISANDUKU: Bandika ukutani*

Ngozi. Chenga kavu zipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu. Vua nguo, pete, saa na viatu vilivyolowa. Mimina maji mengi yanayotiririka kwa dakika 30 kwa saa ya ukutani. Usipake ndimu, siki, dawa ya meno, asali, yai wala mafuta.

Jicho. Anza sekunde hiyo hiyo. Laza kichwa upande ili jicho lililoumia liwe chini, fungua kope kwa vidole, mwaga maji safi kutoka upande wa pua kwenda nje. Dakika 30 au zaidi, kisha hospitali, na safarini endelea kumwagia. Maziwa ya mama si dawa ya jicho hili.

Mtu akimeza. Usimtapishe. Asukutue mdomo na kutema. Usimpe ndimu, siki, mafuta ya kula wala mkaa. Usimlazimishe kunywa maziwa. Hospitali mara moja, na kopo lenye jina mchukue nalo.

Akivuta mvuke akakohoa au kubanwa. Mtoe kwenye hewa safi, akae wima. Asipopata nafuu haraka, hospitali.

Siki ina mantiki ya darasani, kwamba kitu kikali cha upande mmoja kizimwe na cha upande wa pili. Lakini kuzimana huko hutoa joto juu ya nyama iliyokwisha ungua, na wakati unaitafuta chupa ya siki maji yangekuwa yameshafanya kazi. Siki ina mahali pake: sakafuni, baada ya kusafisha.

Kuhusu kumeza niongeze, kwa sababu hapa ndipo wazazi hudanganyika. Kilichounguza umio wakati wa kushuka kitauunguza tena wakati wa kupanda, ndiyo maana hatutapishi. Na maziwa mengi humtapisha mtoto hata bila kulazimishwa. Mdomo usio na kidonda haumaanishi kuwa umio umepona. Mtoto anaweza kutulia, akacheza, akala uji, kisha wiki chache baadaye akashindwa kumeza chakula kigumu kwa sababu kovu limeubana umio. Hapo huanza safari za hospitali za kuupanua tena na tena, nyingine za miaka. Mtoto aliyemeza hata funda moja apelekwe hospitali mara moja.

Na hii ndiyo sababu ya pili ya chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi uliyobandika. Anaijua chupa kwa umbo lake, na tangu azaliwe chupa hiyo imempa kitu kitamu. Hakuna lebo inayoshinda hilo. Dawa ni kostiki isiingie kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika tano, hata "ninampelekea jirani tu".

Kuhifadhi, kumwagika, kutupa

Kopo likae pakavu, juu ya kimo cha mtoto na chini ya kimo cha macho yako, ili usilishushe likakumwagikia usoni. Lisikae na tindikali yoyote, ikiwemo ile ya betri na salfoniki ya sabuni ya maji, wala na mbolea za amonia, ambazo zikikutana na kostiki hutoa hewa kali ya kukaba. Ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana kwenye kikundi.

Chenga zikimwagika, zoa kwa kizoleo cha plastiki kabla hujaleta maji. Yakimwagika majimaji, zungushia mchanga mkavu, uzoe, osha kwa maji mengi, kisha pitisha siki kidogo na uoshe tena. Yote haya ukiwa umevaa glavu.

Maji ya kostiki yaliyobaki usiyamwage mtaroni wala kisimani. Njia nzuri ni kuyatumia: yapime, tafuta mafuta yaliyokaangiwa, yachuje, utengeneze sabuni ya kufulia au kudekia.

*Kabla ya kufungua kopo, jiulize:*

- Mizani inafanya kazi, na betri ya akiba ipo?
- Hesabu imeandikwa kwa mafuta ya leo, si ya wiki iliyopita?
- Kuna kipande chochote cha alumini kati ya vyombo hivi?
- Ndoo mbili za maji zimejaa?
- Kila aliyepo ana miwani, hata anayeangalia tu?
- Nani yuko na watoto?
- Simu ina chaji, na usafiri wa kwenda hospitali unajulikana?

Ukiitumia kuzibua sinki

Wengi hununua robo kilo kwa kazi hii tu. Kostiki huyeyusha mafuta na nywele kwenye bomba la plastiki, ndiyo, lakini usiijaze kwenye shimo kisha ukamwagia maji ya moto; itarudi juu kama chemchemi, na uso wako ndio uliopo juu yake. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo kwa hatua zilezile za hapo juu, kwa maji ya kawaida, uimimine polepole. Usichanganye na dawa nyingine ya kuzibua, hasa zile za tindikali. Kama sinki yako ina bomba la alumini au la bati, usiitumie kabisa. Isipofunguka baada ya nusu saa, usirudie mara ya tatu na ya nne. Mwite fundi bomba, na kabla hajaweka spana yake mwambie kinagaubaga kwamba humo ndani kuna kostiki.